Kulisha familia kubwa chakula bora kwa pesa kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepikia watu sita, wanane au zaidi, na fungu la chakula halina pa kuongezewa. Katika nyumba kubwa haitoshi kuuliza chakula kimenunuliwa kiasi gani. Kuna swali la pili ambalo watu hulikwepa: kimemfikia nani?

Vinywa vinaongezeka lakini pesa ni ileile. Nianzie wapi?

Kabla hujapunguza chochote, andika. Kwa wiki moja weka daftari jikoni, uandike kila kilichonunuliwa kwa ajili ya tumbo, hata biskuti za watoto na soda ya mgeni. Ukurasa wa pili uandike kilichotupwa. Wiki hiyo usimgombeze mtu, la sivyo watakuficha na daftari halitakuwa na maana.

Nyumba nyingi hukuta pesa inavuja sehemu mbili. Ya kwanza ni vinywaji na vitafunwa: soda moja ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, na aliyeinywa atadai chakula saa ileile ya siku zote. Ya pili ni mboga na matunda yaliyonunuliwa kwa nia njema yakaozea kwenye kona. Anzia hapo, maana ukiziba mianya hiyo hakuna atakayelala na njaa kwa sababu yako.

Familia kubwa ina nafuu yake pia. Chungu cha watu kumi hakili moto mara kumi ya chungu cha mtu mmoja, na bei ya jumla ina maana kwa mnaomaliza kilichonunuliwa kabla hakijaharibika.

Je, si kweli kwamba lishe bora ni ya wenye pesa?

Kwa sehemu ni kweli. Nyama, maziwa, mayai na matunda ya kila siku kwa watu wanane ni gharama, na anayesema vinginevyo hajawahi kulipia. Lakini sehemu kubwa ya sahani nzuri ni nafaka, mikunde (maharagwe, dengu, choroko, njegere kavu), mboga na mafuta kidogo, na vitu hivi ndivyo vya bei nafuu karibu kila soko.

Kosa linalogharimu afya ni kupeleka fungu lote kwenye nafaka kwa sababu ndiyo inayoshibisha haraka. Tumbo linajaa, ila madini ya chuma, zinki na vitamini A vinapungua mwilini. Mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akawa na upungufu wa damu. Kwa hiyo ukipata nyongeza ndogo ya pesa, usiongeze mchele. Ongeza dengu au mboga za majani.

Tusipokula nyama kila siku, protini itatosha?

Itatosha, mradi mikunde iwepo kwa kiasi cha kueleweka. Kijiko kimoja cha maharagwe juu ya mlima wa wali hakihesabiki.

Shirika la Afya Duniani huweka mahitaji ya mtu mzima kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina takribani gramu 15, yai moja lina gramu 6, na wali, mkate na viazi navyo huchangia kidogo kidogo. Vikombe viwili vya maharagwe kwa siku pamoja na nafaka za kawaida vinamfikisha mtu huyo pale au karibu sana.

Kilo moja ya maharagwe makavu ina gramu 200 za protini na zaidi, sawa na kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Ni kweli mwili huifyonza ya nyama vizuri zaidi, lakini tofauti hiyo haifikii tofauti ya bei. Nafaka na mikunde pia husaidiana: kijenzi cha protini kinachopungua kwenye nafaka, lisini, kimejaa kwenye mikunde. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikiliwa siku ileile inatosha.

Jambo moja mikunde haitoi: vitamini B12. Hiyo hutoka kwenye vyakula vya wanyama, au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, au vidonge vyake. Kiasi kidogo cha mayai, maziwa, dagaa au samaki wa kopo kinachorudi kila wiki kinasaidia kuliko karamu moja ya nyama mwisho wa mwezi. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao hutoa na kalsiamu juu yake. Maini ni hazina ya chuma na vitamini A, na mara nyingi ni nafuu kuliko nyama; mjamzito tu ndiye asiyazoee, kwa kuwa vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Maharagwe ni rahisi kununua lakini yanamaliza gesi. Nifanyeje?

Hapa watu wana haki ya kulalamika, maana bei ya chakula bila bei ya moto ni nusu ya hesabu.

Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Sufuria ikishachemka punguza moto mpaka yawe yanatokota kidogo tu. Kwenye sufuria ya kawaida maji hayapandi juu ya nyuzi 100 hata uwashe moto wa namna gani. Mwali mkubwa unageuza maji kuwa mvuke na pesa yako inapanda nao. Funika. Nyanya, ndimu na kila kitu kichachu kisubiri mpaka maharagwe yameiva, kwa kuwa uchachu huyachelewesha kulainika. Chumvi haina ubaya huo unaosemwa.

Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1. Kama huna njia nyingine, weka chembe ndogo sana.

Kwa nyumba ya watu wengi, sufuria ya presha ni kifaa ninachokitetea bila aibu. Ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, na kazi ya saa mbili inakwisha kwa dakika 30 au 40. Ni ghali siku ya kwanza, ila hurudisha gharama yake kupitia gesi. Bila hiyo, pika maharagwe ya siku mbili kwa moto mmoja, uyaunge kwa mafungu. Dengu na choroko huiva haraka hata bila kulowekwa, kwa hiyo ziwe za siku ambazo moto ni mchache.

Tahadhari moja: maharagwe mekundu yana lektini, sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiharibu. Baada ya kuyaloweka, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto. Kuyaivisha polepole tangu mwanzo bila mchemko huo kumewaangusha watu kwa kutapika.

Na gesi tumboni?

Kumwaga maji ya kulowekea hupunguza. Anza na kiasi kidogo kwa asiyezoea. Baada ya wiki chache tumbo la wengi hutulia.

Kununua kwa jumla kunaokoa pesa kweli?

Kunaokoa kwa vitu vitatu au vinne: mchele au nafaka nyingine, mikunde mikavu, chumvi, pengine unga kama unakwisha ndani ya wiki chache. Kwa vingine, fikiri mara mbili. Mafuta huchacha yakikaa mno kwenye joto na mwanga. Biskuti na juisi za katoni nzima huliwa kwa kasi ya katoni nzima. Hakuna familia niijuayo ambayo ilinunua maradufu ikala nusu.

Usiangalie bei ya pakiti. Gawanya bei kwa uzito, ndipo ulinganishe. Kisha piga hatua moja zaidi: gawanya kwa uzito unaoliwa. Nyama ambayo theluthi yake ni mfupa, bei yake halisi ni mara 1.5 ya ile iliyoandikwa. Mfupa una supu, sawa, lakini supu ni ladha zaidi kuliko protini.

Usinunue gunia kabla hujapata pa kuliweka. Nafaka na karanga zinataka chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, kilichoinuliwa kutoka sakafuni. Zikipata unyevu huota kuvu, na kuvu huacha sumukuvu ambayo kuosha, kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi. Karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zisisalimishwe kwa kuchanganywa na nzuri. Ni hasara, lakini hasara ya ini ni kubwa zaidi.

Nimejaribu kupanga mlo wa wiki nikashindwa siku ya tatu. Kuna njia nyingine?

Ratiba ya milo 21 yenye majina tofauti ni nzuri kwenye karatasi. Nyumba yenye watoto wanaoingia na kutoka inahitaji kitu chepesi: panga vyungu vikubwa vitatu kwa wiki. Chungu cha maharagwe, chungu cha dengu, na chungu kimoja chenye kitoweo cha mnyama. Kila kimoja kinalisha siku mbili kwa sura mbili. Maharagwe ya leo yenye mchuzi, kesho yanapondwa na viazi au yanakuwa supu nzito yenye mboga. Siku inayobaki ni ya kumalizia vilivyopo, na hiyo usiionee haya.

Mboga zipangwe kwa uimara wake. Majani laini na nyanya zilizoiva sana ziliwe siku mbili za mwanzo, kabichi, karoti na maboga ziwe za mwisho wa wiki. Mpango huu mmoja unapunguza uozo kuliko friji kubwa.

Nyama ikiwepo, ikate ndogo na uipike ndani ya mboga au dengu. Nusu kilo ya vipande vikubwa kwa watu wanane huleta ugomvi. Nusu kilo ileile ikikatwakatwa na kupikwa na dengu inamgusa kila mtu, na chuma cha nyama husaidia mwili kufyonza chuma cha dengu.

Nani apakuliwe kwanza, na kiasi gani?

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, nami nalipa uzito kuliko mengine yote hapa. Unaweza kununua vizuri na kupika vizuri, kisha lishe ikapotea katika dakika tano za kupakua.

Mara nyingi kitoweo kinaelekea kwa watu wazima wenye nguvu na mchuzi unaelekea kwa wadogo. Watoto wakila chombo kimoja, wa miaka kumi anameza mara tatu wakati wa miaka mitatu anatafuta tonge la pili. Na mama, ambaye pengine ni mjamzito au ananyonyesha, anakwangua ukoko. Kwa mahitaji ya mwili mpangilio huo uko kinyume. Wanaohitaji chuma na protini zaidi kwa kila kilo ya uzito wao ni watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha, na wasichana waliovunja ungo wanapoteza chuma kila mwezi.

Kwa hiyo kitoweo na maharagwe vigawanywe na mkono mmoja, jikoni, kwa upawa uleule, kabla ya chakula kufika kwa walaji. Kila mtoto mdogo awe na sahani yake, hata kama wakubwa wanakula pamoja. Ndivyo utakavyojua amekula kiasi gani. Fungu la mpishi lipakuliwe mapema na lifunikwe. Anayefanya kazi ngumu aongezewe nafaka, mafuta na maharagwe, maana kinachomwishia zaidi ni nguvu. Mbele ya familia nzima sema wazi kwamba ndivyo itakavyokuwa, ili usilaumiwe kila jioni kwa kumpendelea fulani.

Mtoto mchanga anaweza kula kwenye chungu chetu?

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo ndiyo, na huhitaji kununua vyakula vya makopo vya watoto. Toa fungu lake kabla ya chumvi na pilipili, liponde, ongeza mafuta kidogo. Liwe zito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Uji mwepesi unajaza tumbo dogo kwa maji. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, kutoka miezi 9 mara 3 au 4 na kitafunwa kimoja au viwili. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Karanga nzima zisubiri mpaka awe mkubwa, kwa hatari ya kupaliwa. Zilizosagwa laini na kuchanganywa kwenye chakula zinafaa.

Mboga kiasi gani zinatosha?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku kuanzia miaka 10, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na 250 kwa wa miaka 2 hadi 5. Kwa wakubwa wanne na watoto wanne wa umri wa shule ya msingi ni karibu kilo 3 kila siku. Najua inavyosikika. Usikate tamaa, jua uko wapi sasa, kisha panda. Karoti na boga zilizokwanguliwa ndani ya dengu, majani yaliyotiwa kwenye maharagwe dakika za mwisho, tunda la msimu kugawanywa vipande: vyote vinahesabiwa.

Osha majani kabla ya kuyakata, pika kwa maji machache na muda mfupi, usimwage maji yake. Tia mafuta kidogo, kwani vitamini A ya karoti, maboga na majani ya kijani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Lakini yapime kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, na chupa inayomiminwa kwa macho huisha mapema.

Mboga zilizogandishwa ni nzuri sawa na mbichi. Za kopo pia, ukizisuuza kupunguza chumvi.

Chai pamoja na chakula ina ubaya gani?

Huzuia ufyonzaji wa chuma kinachotoka kwenye mimea, kahawa vilevile. Zinywewe saa moja au zaidi kando ya mlo. Badala yake weka ndimu, chungwa au nyanya mbichi karibu na maharagwe. Vitamini C husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Ni badiliko lisilogharimu karibu chochote, na kwa nyumba yenye wasichana na wajawazito lina faida kubwa.

Kiporo kinafaa kwa muda gani?

Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake kinafaa siku tatu hivi. Chungu kikubwa hakipoi haraka, kwa hivyo gawanya kwenye vyombo vipana na vifupi kabla ya kuweka kwenye baridi. Ukipasha, kichemke au kitoe mvuke mpaka katikati.

Wali unadanganya. Vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, na ukilala mezani vinatengeneza sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi, hata kama haunuki. Kama hamna friji, pikeni wali wa kumalizwa.

Mtoto mmoja anakataa kila kitu. Nimpikie chake?

Hapana. Hakikisha kwenye mlo kuna kitu kimoja anachokula, weka kidogo cha anachokikataa, na usimlazimishe wala kumhonga kwa pipi. Watoto wengi huhitaji kuonja kitu mara nyingi, pengine zaidi ya kumi, kabla ya kukikubali.

Nyumbani kuna mwenye presha na mwenye kisukari. Nipike vyungu viwili?

Kimoja kinatosha, ukikipika kwa kipimo chao. Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha iliyomo kwenye mkate na viungo vya kupikia vya vidonge. Fanya hesabu: watu wanane wakimaliza nusu kilo kabla ya siku 12, wamevuka kiwango, na wenye watoto wamekivuka zaidi. Tumia yenye madini joto. Mwenye kisukari apunguziwe wali au mkate na aongezewe maharagwe na mboga, ila anayetumia dawa azungumze kwanza na mhudumu wake kabla ya kubadilisha kiasi cha chakula.

Pesa imekwisha na mwezi haujaisha. Nishike nini?

Shika nafaka, mikunde, mafuta, chumvi na aina moja ya mboga za majani. Acha sukari, vinywaji na vitafunwa kabla ya kugusa maharagwe. Yai au maziwa kidogo yaliyopo yaende kwa walio chini ya miaka miwili na kwa mjamzito. Wengine wazima watavumilia wiki mbili bila hivyo.

Usingoje mpaka stoo iwe tupu ndipo uulize msaada. Kama shuleni kuna chakula, waandikishe watoto. Mtoto anayekonda, anayevimba miguu yote miwili, au anayekosa hamu ya kula kabisa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Hilo halitibiwi kwa sahani kubwa zaidi nyumbani.

Vidonge vya vitamini vinaweza kufidia?

Kwa wajawazito, vile vya chuma na asidi ya foliki wanavyopewa kliniki wavinywe bila kukosa. Kwa wengine wa nyumbani, isipokuwa mtaalamu ameagiza, pesa hiyo inunulie dengu.